Kabla hujalipa laki tatu kujifunza sheria ya malezi ya mtoto

Swali: Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nimeishi na baba wa watoto wangu miaka kumi. Alitoa sehemu ya mahari nyumbani kwetu, lakini ndoa hatukufunga. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka minane na wa kike minne. Tulipotengana watoto walibaki kwangu. Jumapili moja alikuja akamchukua mkubwa, akasema anakwenda kumnunulia viatu vya shule, kumbe amempeleka kwa mama yake Njombe. Sasa ananiambia mtoto akishatimiza miaka saba ni wa baba, kwamba hatukufunga ndoa kwa hiyo sina haki, kwamba alitoa mahari kwa hiyo watoto ni wake, na kwamba nikienda mahakamani nitachekwa kwa sababu yeye ana mshahara na mimi ni wa kuganga njaa. Kwenye simu nimeona tangazo la mafunzo ya kushinda kesi ya watoto kwa shilingi 300,000. Nilipe? Na kama nisilipe, mtu wa kipato changu ajifunze wapi sheria?

Jibu: Dada yangu, pole kwa yaliyokukuta. Nianze na lile linaloweza kukuponyoka leo jioni: usiilipe hiyo fedha. Sina ugomvi na anayefundisha sheria kwa malipo, kwa kuwa wapo wanaofanya hivyo kwa uaminifu. Ninachokitilia shaka ni neno lenyewe la tangazo, kushinda. Katika shauri la mtoto hakimu hana kikombe cha kumkabidhi mmoja wa wazazi. Swali lililo mbele yake ni moja tu, mtoto huyu atakuwa salama na atakua vizuri akiwa wapi. Mtu anayekufundisha kushinda atakufundisha kumshambulia mzazi mwenzako, na nimekwisha kuona jinsi mashambulizi hayo yanavyomrudia aliyeyaanzisha. Tena hiyo laki tatu, kama unayo, ina kazi nyingine nitakazozitaja mbele.

Tuanze na miaka saba, kwa sababu naamini hilo ndilo linalokunyima usingizi. Maneno hayo ya baba wa watoto hayakutoka hewani. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake. Ni dhana inayoweza kukanushwa kwa ushahidi, maana yake ni kwamba anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwa nini kwa mtoto huyu mambo yawe vingine. Watu wameisikia namba saba, wakaichanganya na mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, wakajitungia kanuni ambayo haimo katika kifungu hicho, kwamba siku ya kuzaliwa ya saba mtoto hufungashiwa virago akapelekwa kwa baba. Sheria haisemi hivyo. Kinachotokea akishavuka umri huo ni kwamba ile dhana ya kumpendelea mama haipo tena, basi. Mama na baba wanasimama mbele ya hakimu wakiwa sawa, na kila mmoja anaeleza. Kwa binti yako wa miaka minne una dhana hiyo mkononi. Kwa kaka yake huna, lakini baba yake naye hana.

Kifungu hicho hicho kinasema jambo jingine ambalo wengi hawalifikii kwa sababu wanaishia kwenye namba: mahakama iangalie pia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalirudia wazo hilo katika kifungu cha 39, inapoitaka mahakama ipime umri na jinsi ya mtoto, maoni yake ikiwa ameyatoa bila kushurutishwa, faida ya ndugu kukaa pamoja, na haja ya malezi yasiyokatika. Hapo mwanao ana hoja mbili nzito: amelelewa mfululizo katika nyumba yako, na ana mdogo wake aliyeachwa humo. Lakini hoja ya malezi yasiyokatika ni kisu chenye makali pande zote. Leo inakusaidia wewe. Mtoto akikaa Njombe mwaka mzima, akaandikishwa shule, akapata marafiki na kuzoea uji wa bibi yake, hoja hiyo hiyo itaanza kumsaidia baba. Kwa sababu hiyo nakuhimiza usome huku ukitembea. Usisubiri uhitimu mafunzo yoyote ndipo ubishe hodi ofisini.

Kuhusu ndoa na mahari, mwenzako anasema mambo mawili ambayo hayakai chungu kimoja. Kwa upande mmoja hamkufunga ndoa, kwa hiyo huna haki. Kwa upande mwingine alitoa mahari, kwa hiyo watoto ni wake. Haki ya mtoto haitokani na cheti cha ndoa cha wazazi wake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto kinamruhusu mzazi, mlezi au ndugu kuomba amri ya kukaa na mtoto, na kinaitaka mahakama izingatie maslahi ya mtoto pamoja na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Hakuna mahali panapouliza kama mlipita kanisani, msikitini au bomani. Kwa watu mlioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana ya ndoa, nayo inaweza kukusaidia katika madai mengine kama mgawanyo wa mali. Hilo ni somo la siku nyingine. Ama mahari, Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama izitazame pia desturi za jamii ya wahusika, ila desturi hizo zinabaki chini ya ustawi wa mtoto. Ng'ombe waliofika nyumbani kwenu hawakununua mtoto.

Na mshahara? Ni kweli mahakama hutazama nani ana uwezo wa kulea, lakini kulea hakupimwi kwa hati ya mshahara peke yake. Matunzo ni jambo linaloamriwa kivyake. Mahakama inaweza kuamuru mtoto akae kwa mama na baba atoe fedha za chakula, shule, mavazi na matibabu, ikipima kipato na mali za wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali anapokaa mtoto. Kwa hiyo mshahara wake unaweza kabisa kuwa sababu ya kiwango cha matunzo kupanda, badala ya kuwa sababu ya wewe kumpoteza mtoto. Unachopaswa kuonyesha ni kwamba chumba chako, kazi yako na ratiba yako vinamfaa mtoto: analala wapi, anaamshwa na nani, anasoma wapi, ukiwa na kazi ya sare za shule hadi saa nne usiku anabaki na nani. Jibu la swali hili la mwisho liandae mapema, kwa maana Afisa Ustawi wa Jamii ataliuliza.

Sasa tufike kwenye kujifunza kwenyewe. Tangu ilipotungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi na kusajiliwa. Si mawakili na hawakuwakilishi mahakamani, lakini kazi yao ya kwanza kwa mujibu wa sheria hiyo ni hiyo hasa unayoitafuta, yaani kutoa elimu ya sheria, kumwelekeza mtu kwenye chombo sahihi na kumsaidia kupata nyaraka. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako, uliza ni kikundi gani cha wasaidizi wa kisheria kilichosajiliwa wilayani na wanakaa wapi siku zipi. Kama hali ya kipato chako inakustahilisha kupata msaada, huduma ni bure. Anayekudai ada ya fomu au ada ya kiti, mwachie kiti chake.

Juu ya hao kuna mashirika yenye mawakili, kama vile Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC). Ofisi zao kuu haziko Morogoro, lakini kupiga simu au kuandika kabla ya kupanda basi hakukugharimu sana. Vyuo vikuu vyenye vitivo vya sheria navyo havipaswi kusahaulika. Mzumbe iko mkoani kwako, basi waulize kama kuna siku ambayo wahadhiri na wanafunzi hupokea watu wenye mashauri. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imekuwa ikizunguka mikoani na wataalamu wake kukaa na wananchi mmoja mmoja. Kila mwaka mwishoni mwa Januari, kuelekea Siku ya Sheria, Mahakama hufanya Wiki ya Sheria na kuweka mabanda ya elimu katika viwanja vya wazi. Binafsi nayapenda sana mabanda hayo kwa sababu utamkuta hakimu au msajili amekaa kwenye kiti cha plastiki, hana haraka ya orodha ya kesi, na unaweza kumuuliza utaratibu wa jumla bila kutetemeka. Usimsimulie shauri lako mahususi ukamtaka aseme utashinda au hutashinda. Hawezi, na akifanya hivyo amekosea.

Lipo darasa jingine ambalo halina ada kabisa, nalo ni kuketi mahakamani. Mashauri ya watoto husikilizwa kwa faragha, kwa hiyo huwezi kuingia kusikiliza la mwenzako, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini mashauri ya madai ya kawaida katika Mahakama ya Mwanzo huendeshwa mahali pa wazi, kwa Kiswahili. Kaa benchi la nyuma asubuhi mbili tu. Utaona mtu anavyoitwa, anavyoapishwa, anavyotoa kielelezo, na jinsi hakimu anavyoandika kila neno kwa mkono au kwa kompyuta hata anakuomba usubiri. Utaona pia watu wanavyopotea: anayeulizwa tarehe akajibu kwa hadithi ya ukoo mzima, anayeulizwa swali la ndiyo au hapana akaanza kulia. Ukitoka hapo hofu yako itakuwa imepungua nusu, na hofu ndiyo inayowafanya akina mama wengi wasaini makubaliano wasiyoyaelewa.

Sheria zenyewe, pamoja na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Usijitese nazo peke yako. Chagua moja yenye mtoto wa umri wa mwanao, mwombe msaidizi wa kisheria akufafanulie ile sehemu tu ambayo jaji anaeleza sababu zake. Ukurasa mmoja uliouelewa unatosha. Na tahadhari ndogo: namba za vifungu nilizotaja ni za sheria kama zilivyotungwa, na urekebu wa sheria, yaani kuzichapa upya pamoja na marekebisho yake, unaweza kuzisogeza, kwa hiyo shika maneno ya kifungu kuliko namba yake.

Niruhusu nikueleze jambo nililoliona mwenyewe, maana linafundisha zaidi ya vifungu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo cha msaada nilichokuwa nikifanya kazi, walinijia akina mama wawili wiki moja. Wa kwanza alikuwa mwalimu, anazungumza vizuri, ana picha thelathini za mume wake akiwa na mwanamke mwingine. Tulipomaliza dakika ishirini za nyumba ndogo, nilimuuliza mtoto wake ana mzio wa kitu gani, kwa sababu alikuwa ametaja dawa. Hakukumbuka, aliyekuwa akimpeleka hospitali ni baba. Wa pili alikuwa muuza mboga, hajamaliza darasa la saba. Alitoa kwenye kikapu daftari la mistari lililokunjika pembe, harufu ya mchicha imeliingia. Ndani ameandika kwa penseli: tarehe, mtoto alikohoa, zahanati, shilingi ngapi, tarehe, kikao cha wazazi shuleni, nilikwenda mimi, tarehe, baba alipiga simu, aliongea naye, mtoto alifurahi. Kati ya kurasa amebana kadi ya kliniki na risiti mbili za madaftari. Sikuwa na mengi ya kumfundisha. Nilimwonyesha tu jinsi ya kuyageuza hayo kuwa hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anayaapia kuwa ni ya kweli. Zingatia ule mstari wa mwisho, baba alipiga simu na mtoto alifurahi. Mama anayeandika hilo anaonekana mbele ya hakimu kuwa mtu asiyemnyima mtoto baba yake, na hilo lina uzito mkubwa, kwani kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi masomo yake yasivurugike.

Anza daftari lako. Ujumbe wowote wa simu ambao baba ameuandika kuhusu Njombe usiufute, wala usiridhike na kuupiga picha tu. Simu yenyewe itunze, maana unaweza kutakiwa kuthibitisha ujumbe ulikotoka. Taarifa za maendeleo ya shule za mwanao, risiti za ada au michango, miamala ya fedha uliyotuma au kutumiwa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, vyote viwe kwenye bahasha moja na nakala zake kwenye bahasha nyingine. Kama cheti cha kuzaliwa hakijapatikana, ulizia RITA mapema, kwa sababu hilo peke yake limewahi kuchelewesha maombi mengi.

Mlango wa kuingilia ni huu. Kwa kuwa lengo lako ni mtoto na si talaka, huhitaji kuanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Hiyo ni njia ya anayeomba kuvunja ndoa, ambaye kwa kawaida lazima apite barazani na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Wewe nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ueleze kwamba mtoto ameondolewa nyumbani kwako na shuleni kwake bila makubaliano. Anaweza kumwita baba wakakaa mezani, na yakipatikana makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Isipowezekana, unafungua maombi katika Mahakama ya Watoto, na ndani ya maombi hayo unaweza kuomba amri ya muda ili mtoto arudi shuleni kwake shauri likisubiri kusikilizwa. Mahakama inaweza kuagiza ofisi ya Ustawi iandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ndipo afisa atafika kwako, na pengine mwenzake wa Njombe atafika kwa bibi. Usihame chumba ghafla wala usiazime makochi ya jirani kwa ajili ya siku hiyo. Maafisa hawa wamekwisha kuona makochi mengi ya kuazima.

Watu watakushauri ukamnyakue mtoto Njombe usiku. Usifanye hivyo. Kwa sasa hakuna amri ya mahakama kwa upande wowote, na kila unyakuaji unamhamisha mtoto mara nyingine tena, kitu kile kile unachokwenda kulalamikia. Lakini nauli ya kwenda kumsalimia mchana, ukiwa na ndugu mmoja mtu mzima na kwa kumwarifu bibi mapema, hiyo ni fedha iliyotumika vizuri. Ukimwona, usimfundishe la kusema. Mtoto wa miaka minane anaweza kuulizwa maoni yake, na aliyekaririshwa hutambulika kwa sentensi mbili. Kama kuna vitisho au kipigo, kwako au kwa mtoto, hilo ni la Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na usilisubirishe.

Kinachobaki katika laki tatu kinunulie saa moja ya wakili, si kesi nzima: mpelekee maombi na hati ya kiapo mkishaviandaa na msaidizi wa kisheria, avisome na kuvisahihisha kabla hujavipeleka masjala. Mkubaliane bei kabla, udai risiti, na jina lake ulihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka wanaozunguka nje ya mahakama wakiwa na suti na mihuri huwa na bei nzuri kuliko mawakili, mpaka siku karatasi zao zinapokataliwa. Siku amri itakapotolewa, vyovyote itakavyokuwa, muulize karani siku hiyo hiyo muda wa rufaa ni siku ngapi, uuandike. Na amri ya malezi si ya milele; hali ikibadilika unaweza kurudi mahakamani kuomba irekebishwe.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari iandike ile Jumapili: tarehe, saa aliyofika, alivyosema kuhusu viatu, mtoto alikuwa amevaa nini, na jirani gani alikuwepo akasikia.